Jibu: Kuunga taa za ziada na chaja ya simu kwenye pikipiki

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuunga taa mbili za ziada, wati 20 kila moja, kwenye waya wa taa kubwa. Tafadhali usifanye hivyo. Wati 40 kwa volti 12 ni zaidi kidogo ya ampia 3, juu ya mzigo ambao waya ule na swichi yake tayari vinaubeba.

Chukua umeme kwenye betri yenyewe, upitie kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa. Pini zake zina namba: 30 inatoka chanya ya betri, 87 inakwenda kwenye taa, 86 kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, 85 kwenye hasi. Ukizima ufunguo, taa zinazimika na betri haiishi usiku. Fyuzi ya ampia 5 ikae karibu kabisa na betri, si kule kwenye taa! Waya ukichubuka na kugusa chuma, kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote, na hapo ndipo moto huanzia.

Pale shingoni mwa pikipiki, usukani unapozungukia, acha waya ulegee kidogo, kisha zungusha usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, uone kama unavutika au unabanwa. Chaja ya simu ipe fyuzi yake. Kabla ya kugusa chochote, fungua hasi ya betri kwanza. Kuirudisha iwe kazi ya mwisho.