Sanduku la Fundi: Kebo bubu, sabuni ya Ujiji na nyutro ya Katubuka

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa mafundi wa umri wangu au wanaoukaribia. Nilianza kushika bisibisi kwa mshahara mwaka 1984, msichana pekee kwenye karakana nzima, kwa hiyo najua kuambiwa "hii si kazi yako" kunavyouma. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwandishi wake alikuwa karibu kukata tamaa.

Dada, habari za hapo Mwanga, Kigoma? Nina miaka 58, na 31 kati ya hiyo nimeimaliza kwenye mota, kontakta na kompresa. Hapa Kibirizi naangalia mtambo wa barafu ya wavuvi. Ndani ya kabati la umeme kuna PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, ya zamani yenye tundu la pini tisa. Kijana aliyekuwa anakuja na laptopu yake kuiangalia amehamia Dodoma. Nimenunua laptopu na kebo ya kugeuza USB kuwa pini tisa, nimeweka programu, lakini kila nikijaribu naambiwa hakuna mawasiliano. Vijana wananiambia, mzee achana nayo. — Fundi wa barafu, Kibirizi

Kaka, salama kabisa, na usiachane nayo. Weka laptopu pembeni kidogo, chukua mita yako ya kupimia volti na ohm. Hilo tundu la pini tisa, kama ni la RS-232, yaani mtindo wa zamani wa vifaa kuzungumza kwa waya, linafanya kazi kwa waya tatu tu: mmoja wa kusema, mmoja wa kusikia, na mmoja wa pamoja ambao volti zote hupimwa kwake. Upande wa kompyuta, pini namba 3 ndiyo inayosema, namba 2 inasikia, namba 5 ni ya pamoja. Namba zimeandikwa kwa herufi ndogo sana kwenye plastiki, tafuta miwani na tochi.

Kabla hujachomeka chochote upande wa PLC, soma kitabu chake. Zipo PLC ambazo tundu lake la pini tisa linafanana kabisa na la kompyuta lakini ndani ni RS-485, mtindo mwingine wa mazungumzo, na baadhi hutoa volti 24 kwenye pini mojawapo. Hizo zinataka kebo nyingine kabisa, na ukilazimisha utaunguza kitu.

Kama kitabu kinasema RS-232, chomeka kebo kwenye laptopu peke yake, fungua programu (baadhi ya kebo hulala mpaka ziitwe), weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi pini 5, mwekundu pini 3. Mstari usio na mazungumzo hukaa upande wa hasi. Kiwango kinaruhusu kuanzia hasi 3 hadi hasi 15; kebo nyingi za USB utaona kama hasi 5 au hasi 6. Ukipata sifuri, hapo ndipo penye ugonjwa, PLC haina kosa. Ukipata hasi, nenda kwenye PLC ikiwa imewashwa, pima vilevile, utafute pini ipi ina hasi. Hiyo ndiyo inayosema. Mdomo wa PLC lazima uende kwenye sikio la kompyuta, na wa kompyuta uende kwenye sikio la PLC. Kama PLC nayo inasemea kwenye pini 3, kebo iliyonyooka itagonganisha midomo miwili, na hakuna atakayesikia. Unahitaji kebo iliyopishanisha 2 na 3. Naona mara nyingi sana mtu amenunua kebo tatu mpya, zote zimenyooka, akidhani zote ni mbovu.

Kipimo cha pili ninakipenda zaidi. Chukua kipande cha waya mwembamba, unganisha pini 2 na 3 kwenye kebo yenyewe, PLC ikiwa haijaunganishwa. Fungua programu yoyote ndogo ya kuandikiana kwa mlango wa kompyuta (ile njia ambayo kebo imepewa), andika jina la mjukuu wako. Kama jina linarudi kwenye skrini, kompyuta, draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kebo) na kebo ni wazima. Toa kile kipande cha waya, andika tena, sasa lisirudi. Dakika mbili, na umeshagawa tatizo katikati, kama unavyofanya ukitafuta waya uliokatika kwenye mfereji mrefu.

Kama jina halirudi, ingia kwenye orodha ya vifaa vya Windows uangalie mambo mawili. Kwanza, namba ya mlango. Kebo yako inaweza kuwa imepewa COM7, na programu nyingi za zamani hazijui kitu zaidi ya COM1 hadi COM4. Namba hiyo inabadilishika kwenye mipangilio ya mlango wenyewe. Pili, alama ya njano ya mshangao. Hiyo mara nyingi inamaanisha chipu ndani ya kebo ni ya kughushi au ni toleo la zamani ambalo draiva mpya inalikataa. Mwaka 2014 draiva ya FTDI, kampuni inayotengeneza chipu hizo, ilizifanya chipu za kughushi zisitambulike kabisa na kompyuta, na draiva mpya za Prolific, kampuni nyingine ya chipu, nazo hukataa chipu zao za zamani. Muuzaji dukani hana njia ya kulijua hilo kwa kuangalia kebo, kwa hiyo patana naye kabla: isipofanya kazi, unarudisha.

Kipimo kikipita na PLC bado iko kimya, kagua mwendo wa mazungumzo: kasi (9600 ni ya kawaida), idadi ya biti, na pariti, ile biti ya kukagua makosa. Kitu kimoja tu kikitofautiana, hawaelewani. Kitabu cha PLC kitakuambia.

Sasa naomba unisikilize vizuri, kaka. Siku itakapojibu, usibadilishe chochote. Kazi ya kwanza ni kuchukua nakala ya programu iliyomo na kuihifadhi sehemu mbili. Na hapa pana mtego unaowanasa hasa watu waliozoea simu. Kwenye simu, kudaunlodi ni kuleta kitu kwako. Kwenye PLC ni kinyume: kuaplodi ndiko kuleta programu kutoka PLC kuja kwenye laptopu, na kudaunlodi ni kupeleka ya laptopu ndani ya PLC. Ukibonyeza daunlodi ukiwa na ukurasa mtupu, utafuta programu inayoendesha mtambo wako, na wavuvi watakosa barafu alfajiri. Soma ujumbe wa skrini mara mbili, bonyeza mara moja.

Ukishapata nakala, kagua betri. PLC nyingi za umri huo zinashikilia programu kwa betri ndogo ya lithiamu, na kitabu huagiza ibadilishwe umeme ukiwa umewashwa, maana ukizima na betri imekufa, kumbukumbu inaondoka nayo. Nakala kwanza, betri baadaye.

Wale vijana waite siku ya kazi, waonyeshe ile hasi 6 kwenye mita. Wengi wao hawajawahi kuiona.

Kompyuta ya mizani kwenye ghala letu la asali hapa Tabora, kila asubuhi inasema ni mwaka 2009. Mtandao unafungua kurasa chache, nyingine zinakataa kuwa si salama. Tumeambiwa ina virusi. — Msimamizi wa mizani, Tabora

Si virusi. Ndani yake kuna betri ya mviringo kama sarafu, aina ya CR2032, inayoendesha saa wakati umeme umezimwa. Mpya ina volti 3. Yako ukiipima nadhani utakuta chini ya 2.5. Kurasa za mtandao zinakataa kwa sababu kila moja ina cheti cha usalama chenye tarehe, na kompyuta inayoamini ni 2009 inaona cheti hakijaanza kutumika. Zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha kwanza, badilisha betri, maandishi yatazame juu. Weka tarehe upya. Na muda wote huo stakabadhi za wafugaji nyuki zilikuwa zinatoka na tarehe gani? Zipitieni, ni malipo ya watu.

Shikamoo mama. Tunapika sabuni ya mawese hapa Ujiji kwenye sufuria kubwa la mvuke. Kidhibiti cha joto kinasoma digrii 96 wakati kipimajoto cha kioo kinasoma 88. Nimebadilisha kidhibiti kizima, fedha nyingi, bado 96. — Fundi, miaka 17 kazini

Marahaba, mwanangu. Nimesikitika kuhusu kidhibiti, maana hukuhitaji kukibadilisha, mita tu ingekuonyesha kosa. Ulinitumia picha ya kihisi, kile kinachopima joto ndani ya sufuria na kukipa kidhibiti habari, ni cha PT100. Hicho si kitu cha siri, ni kipande cha platini ambacho kwenye digrii 0 kina ukinzani wa ohm 100 na kwenye digrii 100 kina ohm 138.5. Kwa hiyo kila digrii moja ni kama ohm 0.385. Wewe una digrii 8 za ziada: zidisha, unapata ohm 3. Swali lako ni hili basi: ohm 3 zimeingilia wapi?

Fungua kile kichwa cha kihisi juu ya sufuria. Kwa mvuke na magadi ya sabuni, nina uhakika mkubwa utakuta skrubu za kuungia waya zimeota kutu ya kijani na nyeupe. Niliwahi kufungua kimoja kilichofanya kazi karibu na maji ya chumvi, kilikuwa kama kimepakwa unga. Fungua waya zote, piga brashi mpaka chuma king'ae, kata ncha za waya zilizoliwa, rudisha na ubane.

Kabla ya kurudisha, pima. Waya ni tatu: mbili za rangi moja, ya tatu rangi tofauti. Kati ya zile mbili zinazofanana unapata ohm za waya peke yake, pengine nusu ohm au moja. Kati ya moja ya hizo na ile tofauti, toa hizo za waya, utapata za kihisi. Kwenye digrii 88 inatakiwa iwe karibu 134. Ukipata hivyo kwenye kihisi halafu kwenye kidhibiti ukapata 137, kosa liko njiani. Angalia pia kama aliyefunga mwanzo alivuta waya mbili tu na kuunganisha ya tatu kwa kipande kifupi mgongoni mwa kidhibiti. Hapo kidhibiti hakijui urefu wa waya, na kinauhesabu wote kama joto.

Ukitaka kuwa na hakika na kihisi chenyewe, nunua barafu kwa yule kaka wa Kibirizi, ipondeponde, changanya na maji kidogo kwenye chupa ya chai, koroga, zamisha kihisi dakika kumi. Lazima kisome ohm 100, ukishatoa ohm za waya. Ukimaliza, ziba lile tundu la kupitishia waya kwa mpira wake. Bila hivyo mvuke utarudi na mwakani utaniandikia tena.

Mama fundi, mimi ni fundi wa redio na TV wa siku nyingi, nakaa Katubuka. Nyumba yetu ina fezi tatu. Tangu upepo mkali wa juzi, taa za upande mmoja zinang'aa kupita kiasi, za upande mwingine zinafifia mke wangu akiwasha pasi. Zimeungua chaja mbili na TV moja. Nataka kununua stabilaiza kubwa. — Katubuka

Kama barua hii ingesubiri ukurasa huu, ningekuwa nimefanya kosa kubwa. Nilimpigia ndugu huyu siku ileile. Naiweka hapa kwa sababu kuna nyumba nyingine zenye dalili hizi hivi sasa.

Hiyo ni nyutro, waya wa kurudishia umeme, iliyolegea au kukatika. Nyutro ndiyo inayoifanya kila fezi ibaki na volti 230. Ikiondoka, vyombo vya fezi moja na vya fezi nyingine vinajikuta vimefungwa mfululizo kati ya volti 400, na vinagawana kwa uzito: pasi yenye mzigo mkubwa inapata volti chache, chaja ndogo ya upande wa pili inabebeshwa 300 na zaidi. Stabilaiza haitakuokoa, itaungua ya kwanza. Na kama mkato uko kabla ya mahali nyutro inapounganishwa na ethi, ule waya wa ardhini, mabati ya friji na jiko yanaweza kuwa na umeme wa kuua mtoto.

Zima swichi kuu sasa hivi. Usipande nguzo, usifungue sanduku la mita. Piga simu kwa shirika la umeme, tamka neno nyutro, na useme vyombo vinaungua, ili waje kama dharura. Wakishamaliza, kabla ya kuwasha vyombo, pima kila fezi na nyutro kwenye swichi kuu, kwanza bila mzigo, halafu na pasi ikiwa inawaka. Zote tatu zikae karibu na 230 na zisichezecheze. Nyutro legevu bila mzigo hukudanganya, husoma vizuri kabisa.

Mwaka 1996, baada ya matengenezo, mimi mwenyewe niliacha skrubu ya nyutro bila kuibana. Mchana ule ofisi ya karakana ilipoteza friji, redio na mashine ya kuandikia ya umeme, na karani aliyekuwa ameshika friji alirushwa hadi ukutani. Alipona. Tangu siku ile nabana, nauvuta waya kwa nguvu, nabana tena, kisha namwita fundi mwingine naye auvute.

Ndugu wa Katubuka waya wake ulikutwa umeungua kwenye kiungo cha nguzoni. TV imekufa, watoto wazima.