Bangladesh inawalishaje watu wote wale?

Ndugu, umeuliza nchi isiyofika hata sehemu moja ya sita ya Tanzania inawalishaje watu zaidi ya milioni 170. Jibu liko kwenye tope. Ganges, ambao wenyewe huko wanauita Padma, unakutana na Brahmaputra na Meghna, na kila msimu wa mvua mito hiyo hufurika na kuacha udongo wenye rutuba. Mpunga huvunwa mara mbili, pengine tatu kwa mwaka, shamba lile lile.

Kinachonigusa zaidi ni wakulima wa Pirojpur na Gopalganj. Wanarundika magugu maji, yale yale yanayotusumbua Ziwa Victoria, wanayashindilia hadi yawe kama chelezo, halafu wanaotesha bamia na miche ya maboga juu yake. Maji yakipanda, bustani nayo inapanda.

Fedha za kigeni zinatoka kwenye nguo: zaidi ya asilimia 80 ya mauzo ya nje. Washonaji wengi ni wanawake, na ndio waliofukiwa kwa wingi jengo la Rana Plaza lilipoporomoka Aprili 24, 2013, likaua watu zaidi ya 1,100.