Mimi ni G-6 Gigiri. Kwa nini siruhusiwi kugombea P-3?

SWALI: Wakili, salaam. Nimeajiriwa katika ofisi ya Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hapa Gigiri, Nairobi, daraja la G-6, yaani kada ya huduma za jumla inayoajiriwa mjini hapa. Nina shahada ya uzamili na miaka 11 kazini. Maafisa wawili wa P-3, yaani kada ya wataalamu wanaoajiriwa kimataifa, waliokuja idarani kwetu ni mimi niliyewaelekeza kazi. Nafasi kama zao ilipotangazwa nikaomba, nikaondolewa kabla hata ya usaili. Sababu niliyopewa ni kwamba sijafaulu mtihani wa kutoka G kwenda P. Je, huu si ubaguzi? Naweza kushtaki? Na chama chetu cha wafanyakazi mbona kimya?

JIBU: Dada yangu, wa-alaikum salaam. Ukishtaki kanuni yenyewe, utashindwa. Ukishtaki namna ilivyotumiwa kwako, huenda ukawa na kesi, lakini una siku 60 tu tangu siku uliyoarifiwa.

Najua Ibara ya 101 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa ndiyo inayokuuma, maana inataka watumishi wenye ufanisi, uwezo na uadilifu wa hali ya juu kabisa. Lakini isome mpaka mwisho: hapo hapo inataka waajiriwe kutoka sehemu nyingi za dunia kadiri inavyowezekana. Ibara ya 8 nayo inakataza kuwawekea mipaka wanaume au wanawake. Hakuna ibara inayompa mtu wa G haki ya kupanda kuwa P.

G na P ziliundwa kama soko mbili tofauti za ajira. Mshahara wa P unafuata kanuni ya Noblemaire, iliyorithiwa kutoka Shirikisho la Mataifa: ulipwe kiasi cha kumvutia hata raia wa nchi inayolipa watumishi wake vizuri kuliko zote, na kipimo cha sasa ni utumishi wa serikali kuu ya Marekani. Mshahara wa G unafuata kanuni ya Flemming ya mwaka 1949: ulingane na waajiri wazuri wa mji ulipo. Ndiyo maana wewe unapimwa kwa Nairobi, na yule uliyemwelekeza kazi anapimwa kwa dunia. Kwa G uraia hauhesabiwi katika mgao wa nchi wanachama. Kwa nafasi kadhaa za P unahesabiwa.

Mataifa yaliona kwamba watu wa G wakipita bila kizuizi, nafasi za P zitajaa raia wa nchi zenye makao makuu: Marekani, Uswisi, Austria, Kenya. Mwaka 1978 Baraza Kuu likaamua kupitia azimio 33/143 kwamba njia iwe ya ushindani, iishie P-1 na P-2, na isizidi asilimia 30 ya nafasi za madaraja hayo. Baadaye kiwango hicho kilipunguzwa. Mtihani uliotajiwa umezaliwa huko, na ndiyo maana hukuweza kurukia P-3 moja kwa moja.

Kwa maoni yangu hoja hiyo imechakaa. Ilifaa enzi ambazo G walikuwa wapiga taipu na watunza majalada. Leo watu wa G wanaandaa bajeti, wanasimamia manunuzi, wana shahada zaidi ya moja. UNICEF na UNDP (mpango wa maendeleo wa Umoja wa Mataifa) wanaajiri P bila kumdai mtu wa G mtihani huo, na hatujasikia kwamba wamezidiwa na raia wa nchi wenyeji. Lakini maoni yangu hayatakusaidia mbele ya jaji. Ubaguzi kisheria ni kuwatendea tofauti watu walio katika hali moja, na sheria haiwahesabu G na P kuwa katika hali moja. Isitoshe, Mahakama ya Migogoro ya Umoja wa Mataifa, yenye ofisi hapo hapo Nairobi tangu ilipoanza kazi Julai 2009, haina mamlaka ya kufuta azimio la Baraza Kuu. Inapima uamuzi uliokugusa wewe.

Basi tafuta kasoro katika uamuzi huo. Sharti la mtihani lilikuwemo kwenye tangazo, au lilichomekwa baadaye? Yupo mwenzako wa G asiye na mtihani aliyepitishwa? Kumbukumbu zako kwenye mfumo ziko sahihi? Ukipata jambo la namna hiyo unaweza kudai kwamba ombi lako halikufikiriwa kikamilifu na kwa haki. Menejimenti ikionyesha hata kidogo tu kwamba ilifuata utaratibu, mzigo wa ushahidi unakurudia wewe, na ni mzito: mahakama inataka ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha. Hata ukishinda, katika kesi za uteuzi mwajiri hupewa hiari ya kulipa fidia badala ya kufungua upya nafasi.

Hatua ya kwanza ni kuomba mapitio ya uamuzi kwa menejimenti, ndani ya zile siku 60. Wapo wengi wanaozipoteza wakibembelezana na bosi au na watu wa rasilimali watu, wakidhani barua pepe za kirafiki zinasimamisha saa. Hazisimamishi. Kwa ofisi zilizo nje ya New York jibu linatakiwa ndani ya siku 45, kisha una siku 90 za kwenda mahakamani. Ofisi ya msaada wa kisheria kwa watumishi itakusikiliza bila kukutoza ada.

Kuhusu chama, sikitetei sana. Ni kweli hakina meza ya kujadiliana mishahara na masharti kama vyama vya kitaifa: maamuzi hutoka Baraza Kuu kupitia Kamati ya Tano, kamati yake ya bajeti na utawala, na mashirikisho ya vyama vya watumishi kama FICSA, lililoanzishwa 1952, huwasilisha hoja tu mbele ya Tume ya Utumishi wa Umma wa Kimataifa. Lakini angalia Geneva. Malipo ya P yalipopunguzwa huko, watumishi waliungana, na mwaka 2019 mahakama ya ILO (Shirika la Kazi Duniani) ikawapa ushindi watumishi wa mashirika yaliyo chini yake, wakiwemo wa WHO. Mahakama za Umoja wa Mataifa zilikataa madai kama hayo, kwa hiyo majirani wa mji mmoja wakalipwa tofauti. Pamoja na hayo, P walipoguswa mfukoni, umoja ulipatikana haraka. Suala la G kupanda huachwa kuwa ajenda ya mwisho, watu wakiwa wanakusanya mikoba yao. Dai liwe ajenda ya kwanza, na P mnaofanya nao kazi watie saini.

Wakati huohuo soma tangazo la mtihani la mwaka huu kwa makini, kwa kuwa masharti hubadilika. Na ukiona nafasi ya P UNICEF au UNDP inayolingana na kazi unayoifanya, peleka ombi. Halizuii kesi wala kesi hailizuii.