Re: Barafu wanaiyeyusha kila siku ya kikapu?

Hapana mkuu, haiyeyushwi. Umeuliza ukumbi wa michezo wa Madison Square Garden, New York, unawezaje kuwa na hoki ya barafu ya timu ya Rangers leo na mpira wa kikapu wa Knicks kesho. Barafu inabaki palepale. Ni nyembamba, sentimita chache tu, na chini yake kuna zege lenye mabomba ya kupooza yanayofanya kazi muda wote. Mechi ikiisha, vijana wa zamu ya usiku wanatandika vibao vya kuzuia baridi juu ya barafu, kisha sakafu ya mbao inayokuja vipande vipande, kila kimoja na alama yake, vinaunganishwa kwa pini. Asubuhi kumekucha, uwanja tayari.

Adui mkubwa ni unyevu. Hewa ya joto ikiingia, mbao zinatoa jasho na wachezaji wanateleza. Philadelphia, Novemba 2016, mechi ya kikapu ya 76ers na Kings iliahirishwa kwa sababu hiyo hiyo, mashabiki wakiwa wameshafika. Kwa hiyo fundi wa viyoyozi pale ana kazi ngumu kuliko kocha!

Kero nyingine ya Garden ni kukaa juu ya stesheni ya treni, Penn Station, tangu 1968. Ukumbi uko ghorofani na nafasi ya kushushia mizigo ni finyu, malori yanajazana barabarani. Ni moja ya sababu mwaka 2023 baraza la jiji liliwapa wenye ukumbi kibali cha kuuendesha kwa miaka 5 tu.