Ukitaka kutafiti ngoma shuleni, fungua buletini ya mtoto kwanza

Karatasi za maswali zilikuwa 40. Nilizichapisha kwa pesa yangu mwenyewe, nikazigawa kwa walimu wa shule nne za Katuba na Kenya (Kenya yetu ya hapa Lubumbashi, Kongo, si ile ya Nairobi), nikangoja wiki mbili. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, kila Jumamosi nafundisha vijana ngoma nyuma ya parokia, na nilitaka kujua jambo moja: mageuzi ya mtaala yameifanyia nini ngoma mashuleni? Swali la kwanza kwenye karatasi lilikuwa: "Je, unafundisha watoto kucheza?" Karibu wote waliandika hapana. Wachache waliosema ndiyo, nilipowafuata, nikakuta wanasema habari za mpira.

Kosa lilikuwa langu. Kwetu mtu hucheza ngoma na hucheza mpira, kitenzi ni kilekile. Ngoma nayo ni chombo, ni wimbo, ni sherehe nzima. Mwalimu mmoja alinionea huruma: "Batoto ba huku banachezaka mupira, papa. Ile ingine haiko mambo ya masomo." Sawa. Lakini tarehe 30 Aprili, sikukuu ya ualimu, nilikuwa nimewaona wasichana wa darasa lake wakicheza mutuashi mpaka vumbi likafika madirishani. Nani aliwapanga mistari? Yeye huyohuyo, wiki tatu mfululizo, baada ya kengele ya mwisho. Ila kwake ile haikuwa kufundisha, ilikuwa kutayarisha sikukuu.

Kwa hiyo wanafunzi wanaoniuliza waanzie wapi huwaambia waache kuuliza kama ngoma inafundishwa. Waulize watoto walicheza nini siku ya kutangaza matokeo, nani aliwafundisha hatua, mazoezi yalifanyika saa ngapi, na saa hiyo kwenye ratiba iliandikwa somo gani. Hapo kwenye ratiba ndipo utafiti unapoanza. Mimi nilijibiwa mara mazoezi ya mwili, mara muziki, siku moja hata dini, na mara nyingi ilikuwa saa iliyoibwa kwenye mapumziko.

Ngoma katika mtaala ni mgeni asiye na chumba chake, analazwa kwa huyu au kwa yule. Kule England inalala kwa mazoezi ya mwili. Jirani zao wa Wales walianza mtaala mpya Septemba 2022, nao wameiweka nyumba moja na muziki, tamthilia, filamu na sanaa za kuchora. Usidhani ni kubadili jina tu. Mwenyeji akibadilika, anabadilika pia mwalimu atakayeishika ngoma, na kinachotazamwa kwa mtoto: pumzi na viungo, au anachotaka kusema kwa mwili wake.

Kwetu Kongo, wengi huanza na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014, na ni vizuri kuanza nayo. Ndiyo iliyounganisha miaka sita ya shule ya msingi na darasa la saba na la nane kuwa elimu ya msingi ya miaka minane. (Angalizo la haraka: mwalimu mzee akikuambia "première secondaire", yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, na karatasi ya wizara ikasema ya saba, ni darasa lilelile. Nilipoteza siku mbili kwa hilo.) Katika madarasa hayo mawili masomo yamepangwa kwa nyanja, na sanaa ina uwanja wake. Niliposoma hivyo niliandika ukurasa mzima wa shangwe. Profesa aliyeniongoza aliukata kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni neno moja: "Pointi?"

Nikaenda kuomba buletini, yaani ripoti za matokeo ya watoto. Si za siri, kila mzazi anayo moja ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya ubatizo. Weka maksima, yaani pointi za juu kabisa, ya Kifaransa na hesabu upande mmoja, ya sanaa upande wa pili, na hutahitaji profesa. Mzazi wa mji huu hutazama asilimia, kisha nafasi ya mtoto darasani, kisha hesabu. Sijamwona aliyempiga mtoto kwa sababu ya sanaa. Direkta, yaani mwalimu mkuu, analijua hilo kuliko mtu yeyote, na mitihani ikikaribia anajua ni saa ya nani ataikopa bila kuirudisha.

Baada ya buletini, omba lile daftari ambalo walimu wetu huliita journal, wanaloandika kila siku walichofundisha. Hapa usiwe na haraka, kaa nalo mchana mzima. Mimi nilikaa na manne. Ratiba ilisema sanaa, na daftari likasema kuchora: chungu, jani la muhindi, tena chungu. Nilimuuliza mwenye daftari kwa nini vyungu vingi hivyo. Akacheka, akanieleza jambo ambalo hakuna kitabu kilichokuwa kimeniambia. Kuchora kunahitaji kalamu na ukimya, hakusumbui darasa la jirani, na enspekta akija mwezi ujao chungu kitakuwa bado kiko kwenye daftari la mtoto. Ngoma ya wiki iliyopita utamwonyesha wapi? Mtaala ulikuwa umeipa sanaa nafasi, na ukaguzi ukachagua ni sanaa ipi itaijaza nafasi hiyo. Kazi yangu yote ya kumaliza masomo ilisimama juu ya jibu hilo, na nililipata kwenye benchi, si kwenye karatasi 40.

Angalia pia mageuzi ambayo hayana habari na ngoma hata kidogo. Elimu ya bure katika shule za msingi ilipoanza Septemba 2019, shule za serikali nilizokuwa nazitembelea zilifurika. Watoto wanakaa wanne kwenye benchi la wawili, na uwanja wa mazoezi umegeuka mahali pa darasa la alasiri. Michango ya wazazi, ambayo zamani ilinunua vitenge vya kikundi na kumlipa mpiga ngoma soda, ilikatika. Siiongelei vibaya elimu ya bure, wadogo zangu wawili wanasoma kwa sababu yake. Nasema tu kwamba ukisoma mtaala peke yake, badiliko kubwa kuliko yote litakupita.

Kisha kuna wazee. Watakuambia kwamba zamani kila shule ilicheza. Ni kweli, lakini uliza zamani ipi. Wakati wa Zaire na chama kimoja, wanafunzi na wafanyakazi walipangwa kuimba na kucheza kumsifu Mobutu, na hiyo iliitwa animation. Mama mmoja mstaafu, mwalimu wa miaka mingi, aliniambia: "Tulichezaka mpaka miguu kuvimba, mutoto yangu. Na ukikataa, kesho uko mu ofisi." Halafu akainuka, akashika kiti, akanionyesha hatua tatu ambazo mwili wake haujazisahau. Ukilinganisha leo na wakati ule bila kueleza ngoma ile ilikuwa ya nani na kwa ajili ya nani, utaandika kwamba mageuzi yameua kitu ambacho hakikuwa somo tangu mwanzo.

Swali la ngoma ya nani linauma zaidi hapa mjini. Ni rahisi kuandika kwamba mtoto ajifunze utamaduni wa mahali anapoishi. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, watu wakaletwa kutoka kila upande. Mbuye ya Waluba wa Katanga, au mutuashi ya Kasai? Kuna walimu wanaochagua wimbo wa kanisa ili wasichague. Wakinyamaza kwenye swali hili usiwasukume, wana kumbukumbu za miaka ya 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa huku Katanga.

Mambo madogo nitayapitia mbiombio. Barua yako ipite kwenye ofisi ya elimu ya eneo na irudi na mhuri. Direkta mmoja alinitoa getini mbele ya wanafunzi kwa kukosa mhuri, na alikuwa na haki. Usipige video ya mtoto bila ruhusa ya mzazi, hata mwalimu akisema hakuna shida. Uwanjani nenda kabla mvua za Novemba hazijaanza. Chaji simu usiku umeme ukiwepo, maana asubuhi huenda usiwepo.

Mwezi wa sita nilirudi kwa wale walioandika hapana, safari hii mikono mitupu, na swali la siku ya matokeo. Zaidi ya nusu walikuwa wametayarisha ngoma mwaka uleule. Yule wa mutuashi alikuwa mmoja wao, na aliniomba karatasi yake ya kwanza ili aibadilishe jibu. Nilikataa. Mpaka leo iko kwenye viambatisho, ukurasa wa kwanza, na hapana yake.