Kusimamishwa kazi si kufukuzwa kazi

Ndugu, umeuliza iwapo mhadhiri wa chuo cha umma aliyesimamishwa kwa tuhuma za kubadilisha alama za mtihani anaweza kuachishwa kazi bila kusikilizwa. Kusimamishwa ni hatua ya kupisha uchunguzi, wala hakumaanishi kwamba kosa limethibitika, ingawa baadhi ya wakuu wa vyuo hukutumia kama adhabu, jambo ambalo kwa maoni yangu ni uonevu. Ibara ya 7 ya Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982 inataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa kazi kwa sababu za mwenendo wake, na Pendekezo Na. 166 la mwaka huohuo linaongeza kwamba anastahili kusaidiwa na mtu mwingine katika utetezi huo. Nchi zisizouridhia mkataba hazifungwi nao, hivyo someni kwanza kanuni za utumishi za chuo. Mhadhiri adai mashtaka kwa maandishi, yakitaja mtihani upi na alama zipi, kwa kuwa tuhuma ya jumla haijibiki. Aliyemchunguza akiketi kwenye kamati ya nidhamu, apinge papo hapo na pingamizi liingizwe katika kumbukumbu za kikao, maana ndizo zitakazosomwa kwenye rufaa.