Adui asiyegusika

Ndugu, kama unasimamia mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa, na adui uliyemtunga anawalaza mashujaa wote wanne kwa ngumi moja, usimpunguzie nguvu. Wape wachezaji kitu kingine cha kushinda. Mezani kwetu Kisumu jitu lilikuja kunyonya maji ya ziwa, na hakuna aliyeliumiza hata chembe. Wawili wakawahamisha wauza samaki wa Dunga, mmoja akatafuta pampu ya jitu hilo chini ya magugumaji, na wa nne kazi yake ikawa kulitukana tu lisigeuke nyuma. (Kwa Kijaluo. Tulicheka hadi chai ikapoa.) Na ukiamua litoroke kwa amri yako tu kama msimamizi, lipia: Mutants & Masterminds, mchezo mmojawapo wa aina hii, hapo huwapa wachezaji pointi ya shujaa, ambayo baadaye wanaweza kurushia dadu upya.